Uhamisho wa Kamanda Farragut

Katika mwezi wa Agosti, mwaka 1854, Kamanda David Glasgow Farragut wa Jeshi la Bahari la Marekani aliletewa amri ya kuhama. Umri wake ulikuwa miaka 53, na katika hiyo, miaka 43 na zaidi alikuwa ameitumikia sare ya jeshi. Hakupewa manowari, wala hakupewa kikosi. Alipewa kisiwa. Kisiwa chenyewe kilikuwa ng'ambo ya pili ya bara la Amerika, katika jimbo la California, na hakikuwa na hata nyumba moja ya kumpokea kamanda na jamaa yake. Kazi aliyotumwa ni kukigeuza kiwe kiwanda cha kuunda na kutengeneza manowari, kiwanda cha kwanza cha Serikali yake katika pwani nzima ya Bahari ya Pasifiki.

Wale wanaolijua jina la Farragut hulijua kwa sababu ya vita. Sanamu zake humwonyesha akiwa na darubini, na vitabu vya shule huko Marekani humweleza akiwa amepanda juu katika kamba za mlingoti, mizinga ikinguruma pande zote. Hayo ni kweli, nasi tutayagusa. Lakini mwenye kutaka kujua mtu huyu alikuwa wa namna gani, na amtazame kwanza katika ile miaka minne ya kisiwani, alipokuwa akihesabu matofali na kuwalipa maseremala, wala hakuna aliyemwandika katika magazeti. Jamaa nyingi za watumishi wa serikali, walimu na askari wanajua vizuri barua ya uhamisho ilivyo: inakuja bila kubisha hodi, na mama wa nyumbani huanza kufunga mizigo kabla hajajua anakwenda kulala wapi.

Farragut alizaliwa tarehe 5 Julai 1801, karibu na mji wa Knoxville katika jimbo la Tennessee. Baba yake, George Farragut, alikuwa baharia aliyezaliwa katika mji wa Ciutadella, kisiwani Minorca, nchi ya Hispania, akavuka bahari na kuipigania Marekani ilipotafuta uhuru wake. Mama yake, Elizabeth Shine, alikuwa mwanamke wa Carolina ya Kaskazini, na inasimuliwa kwamba siku moja, mumewe akiwa safarini, aliilinda nyumba yake akiwa ameshika shoka mlangoni. Mtoto alipewa jina la James. Baadaye baba alipata kazi katika Jeshi la Bahari huko New Orleans, na jamaa nzima ikamfuata. Huo ulikuwa uhamisho wa kwanza wa mtoto huyo, nao ulimgharimu mno. Mwaka 1808 mama yake alikufa kwa homa ya manjano. Katika siku hizo hizo alifariki nyumbani mwao mzee mmoja mgeni, baharia mstaafu, ambaye walikuwa wamempokea na kumwuguza kwa sababu aliangushwa na jua kali akivua samaki ziwani. Mwana wa mzee yule, Kamanda David Porter, hakuisahau fadhili hiyo. Alimwona George Farragut amebaki na watoto wasio na mama, akaomba amchukue mmoja na kumlea kama mwanawe.

Basi James mdogo akaondoka. Tarehe 17 Desemba 1810, akiwa na umri wa miaka tisa na nusu, aliandikwa jeshini kuwa mwanafunzi wa uofisa. Baba yake alifariki mwaka 1817, wala hawakuishi tena pamoja. Jina la David alilitwaa baadaye kwa heshima ya yule aliyemlea. Alikuwa na miaka kumi na miwili tu alipokabidhiwa merikebu iliyotekwa, aipeleke bandari ya Valparaíso huko Chile, na nahodha mzima akapaswa kumtii mtoto. Mwezi wa Machi mwaka 1814 aliiona manowari yao, Essex, ikivunjwavunjwa na mizinga katika bandari hiyo hiyo, na wenzake wakifa miguuni pake. Baada ya vita alipangwa katika manowari kubwa iitwayo Independence, akapelekwa Bahari ya Kati. Tunaomba msomaji alishike jina la merikebu hiyo, maana tutakutana nayo tena. Huko Tunis alikaa miezi kadhaa kwa balozi mdogo wa Marekani, akasoma lugha na hesabu, na alipokuwa mtu mzima aliweza kuzungumza Kifaransa, Kihispania, Kiitaliano na Kiarabu kidogo.

Halafu ikaja amani ndefu, na amani huwachelewesha maofisa vyeo. Farragut alioa Susan Marchant wa Norfolk, jimbo la Virginia, ambaye upesi alishikwa na ugonjwa wa maumivu makali usioponyeka. Kwa miaka mingi mume alimbeba mikononi kama mtoto mchanga, akamwuguza kila alipokuwa nchi kavu, hata watu wa mji ule wakamsifu zaidi kwa jambo hilo kuliko kwa kazi yake. Katika kiwanda cha manowari cha huko Norfolk alianzisha shule ndani ya merikebu, kwa ajili ya watoto mabaharia wasiojua kusoma. Susan alifariki mwaka 1840. Miaka mitatu baadaye alimwoa Virginia Loyall, wa mji huo huo, na tarehe 12 Oktoba 1844 wakapata mtoto wao wa pekee, Loyall.

Vita vya Crimea vilipoanza huko Ulaya, Farragut aliiomba Wizara imtume akaziangalie manowari za Waingereza na Wafaransa zikipigana, ajifunze mambo mapya ya mvuke na mizinga. Ombi hilo halikutimizwa. Badala ya Crimea, Waziri James Dobbin alimpa California. Mtu mwingine angeona amewekwa kando. Hatuwezi kuingia moyoni mwake tukasema hakuhuzunika, lakini matendo yake yako wazi: mwezi ule ule wa Agosti alikuwa baharini pamoja na mkewe na mtoto.

Safari yenyewe haikuwa ndogo. Siku hizo hakukuwa na reli ya kukata bara zima, na ile ya Panama ilikuwa haijakamilika mpaka mwaka 1855. Mwenye kutoka New York kwenda San Francisco alikuwa na njia tatu: kuzunguka ncha ya kusini ya Amerika, miezi mingi ya mawimbi na baridi; kuvuka bara kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe; au kwenda kwa meli hadi Amerika ya Kati, akavuka ukanda mwembamba wa nchi kati ya bahari mbili, penye joto na homa, kisha akapanda meli nyingine upande wa pili. Akina Farragut walipitia Amerika ya Kati. Loyall alikuwa karibu kutimiza miaka kumi, umri ule ule baba yake alipokuwa ameandikwa jeshini. Tofauti ni kwamba huyu alisafiri ameshikwa mkono na mama yake.

Kisiwa walichokiendea huitwa Mare Island, kwa Kihispania Isla de la Yegua, yaani Kisiwa cha Farasi Jike. Inasimuliwa kwamba chombo kilichobeba wanyama kilipinduka katika maji ya karibu, na farasi jike mweupe wa Jenerali Mariano Vallejo akaogelea mpaka kisiwani akasalimika. Kiko kama maili 23 kaskazini-mashariki ya San Francisco, ng'ambo ya mkondo mwembamba kutoka mji wa Vallejo ambao umechukua jina la jenerali huyo. Serikali ilikinunua mwezi wa Januari 1853 kwa dola 83,410. Mahali pale palichaguliwa kwa akili: maji yana kina, upepo wa bahari kuu haufiki kwa nguvu, na adui hawezi kuingia ghafla. Lakini uzuri wa mahali katika ramani ni kitu kimoja, na kulala pale usiku ni kitu kingine. Kulikuwa na nyasi, matope na upepo. Kilichokuwako cha maana ni gudi linaloelea, ambalo liliundwa New York, likafunguliwa vipande vipande, likazungushwa Cape Horn kwa merikebu na kuungwa upya huku.

Tarehe 16 Septemba 1854 Farragut alishika madaraka. Kwa kuwa hakukuwa na nyumba, aliweka makao yake katika merikebu kuukuu ya vita, Warren, iliyokuwa imetia nanga mkondoni. Huko Bibi Virginia alipanga vyombo vyake na kumlea mtoto kwa miezi kadhaa, juu ya mbao zinazoyumba, akisubiri mumewe amalize kujenga mahali pa kazi kabla ya mahali pa kulala. Tunamtaja kwa makusudi. Habari za wakuu wa vita huandikwa kana kwamba walikula, wakalala na kuvaa bila msaada wa mtu.

Na sasa fikirini kazi iliyokuwa mbele ya kamanda. Kiwanda cha manowari si nyumba moja. Hutakiwa gati la kushushia mizigo, karakana ya wahunzi wa kufua vyuma, mahali pa maseremala, pa mafundi wa milingoti na wa matanga, ghala za chakula, ghala la baruti lililo mbali na moto, ofisi, makao ya maofisa na kazi ya maji safi. Kila kimoja lazima kiwekwe mahali pake tangu mwanzo, maana kosa la kuliweka ghala la baruti karibu na tanuru halisahihishwi kwa kufuta kwa kalamu. Dhahabu ilikuwa imeonekana California mwaka 1848, na miaka sita baadaye bei zilikuwa bado juu na mafundi walikuwa adimu. Mtu aliyejua kutumia nyundo alijiuliza kila asubuhi kama si afadhali aende machimboni. Vifaa vingi vililetwa kutoka pwani ya mashariki kwa merikebu, na jibu la barua iliyopelekwa Washington lilichukua majuma mengi. Mkuu wa hapo alipaswa kuamua mwenyewe, kisha ajibu mashtaka ya hesabu baadaye.

Farragut hakuwa mhandisi wa shule. Elimu yake ilikuwa ya sitahani. Lakini miaka ya karibuni alikuwa ameshughulika mjini Washington na kanuni za mizinga ya jeshi, kisha akaijaribu mizinga kwa kuipiga mfululizo mpaka ipasuke, ajue nguvu yake inafika wapi. Tabia hiyo ya kupima kitu mpaka mwisho wake aliileta kisiwani. Gati likajengwa, karakana ya wahunzi ikaanza kufuka moshi, nyumba zikasimama moja baada ya nyingine, na mwaka 1857 ghala la baruti la mawe likajengwa. Manowari zilizochoka na bahari, na hata meli za biashara, zikaanza kuja kutengenezwa badala ya kurudi nusu ya dunia. Mwaka 1855 alipandishwa cheo kuwa Kapteni, ambacho wakati ule ndicho kilikuwa cheo cha juu kabisa kilichowekwa na sheria katika Jeshi la Bahari la Marekani.

Jaribu gumu kuliko yote halikutoka kwenye matofali. Mwezi wa Mei 1856 mhariri wa gazeti moja la San Francisco, James King of William, alipigwa risasi barabarani na mtu aliyeudhika na maandishi yake. (Kazi hii yetu haijapata kuwa salama kabisa mahali popote.) Raia wakakasirika, wakaunda kamati yenye silaha, wakamtwaa mwuaji pamoja na mtu mwingine kutoka gerezani wakawanyonga. Kwa miezi mitatu kamati hiyo ndiyo iliyoutawala mji, na Gavana wa jimbo hakuwa na nguvu ya kuivunja. Mwezi wa Juni jaji wa Mahakama Kuu, David Terry, aliyeipinga kamati, alimchoma kisu mmoja wa watu wake, naye akafungwa nao. Gavana akaomba msaada wa jeshi la taifa. Ofisa mmoja, Kamanda Boutwell wa manowari John Adams, alikuwa tayari kuutishia mji kwa mizinga yake ili jaji aachiliwe.

Farragut ndiye aliyekuwa mkubwa wake mahali hapo. Kamati ilivunja sheria, na Gavana alikuwa na haki ya kulalamika. Hayo Farragut aliyaona. Lakini aliona pia kwamba manowari ya taifa haina ruhusa ya kuupiga mji wa taifa bila amri ya Rais, na kwamba Katiba imeweka njia ambayo jimbo hulifuata linapoomba msaada. Akamwandikia Boutwell maneno ya kumtuliza, akamzuia asiingie katika ugomvi. Mwezi wa Agosti mgonjwa alipona, jaji akaachiliwa, na kamati ikavunjika yenyewe. Hakuna risasi ya manowari iliyofyatuliwa. Sisi tunaona kwamba siku zile alishinda vita ambavyo havikuandikwa popote kwa sababu havikupiganwa, na mji wenye makumi ya maelfu ya watu ukalala salama.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1857 iliingia mkondoni merikebu kongwe, imekuja kumaliza siku zake pale kama bweni la mabaharia wapya. Jina lake ni Independence, ile ile aliyopanda akiwa kijana wa miaka 14. Ilikuwa imeshushwa majini mwaka 1814, nayo ilitumika Mare Island mpaka karne ya ishirini ilipokuwa imekwisha kuanza, mwaka 1912.

Mwezi wa Julai 1858 Farragut alimkabidhi mwingine funguo na kurudi mashariki. Miezi miwili baadaye mafundi wa Mare Island walianza kuunda manowari yao ya kwanza, Saginaw, ikashushwa majini mwezi wa Machi 1859. Aliyeweka misingi hakuwapo kuitazama ikiteremka.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi, nasi tutayapitia upesi. Mwezi wa Aprili 1861 majimbo ya kusini yaliyoshikilia utumwa yalikuwa yakijitenga, na Virginia ikaamua kuyafuata. Farragut alikuwa mtu wa kusini kwa kuzaliwa na kwa ndoa, na nyumba yake ilikuwa Norfolk. Alimwambia mkewe kwamba yeye atabaki na bendera aliyoapa kuitumikia tangu utoto, na kwamba yeye Virginia yu huru kuchagua kati ya mumewe na ndugu zake. Bibi akachagua kufuatana naye. Walitoka mjini siku ile ile pamoja na mtoto, wakiacha mali na majirani, na siku mbili baadaye kiwanda cha manowari cha Norfolk kikawashwa moto na jeshi la Serikali likiondoka. Wakapanga nyumba ndogo katika kijiji cha Hastings karibu na New York, ambako wenyeji walimtazama kwa shaka kwa sababu ni mtu wa kusini. Aliyehama mara nyingi kiasi hicho alijua kungoja.

Mwaka 1862 alipewa kikosi cha kuuteka mji wa New Orleans. Ni mji ule ule ambamo mama yake alizikwa. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili alizipitisha manowari zake za mbao kati ya ngome mbili zilizojaa mizinga. Kabla ya hapo aliamuru minyororo ya nanga ining'inizwe ubavuni mwa kila merikebu kulinda mitambo, na mbavu zake zikapakwa matope ya mto zisionekane gizani. Hakuna kitu hapo cha ajabu. Ni vitu vilivyokuwapo tayari merikebuni na mtoni, vikatumiwa na mtu aliyeshinda miaka minne kati ya wahunzi na maseremala. Mji ukaanguka, na mwezi wa Julai akawa Admirali Mdogo, wa kwanza katika historia ya jeshi lake. Tarehe 5 Agosti 1864 aliingia hori la Mobile. Manowari ya chuma Tecumseh iligonga bomu la majini ikazama kwa dakika chache pamoja na watu wengi, na kikosi kikasita. Farragut alikuwa amepanda kamba za mlingoti ili aone juu ya moshi, na baharia akatumwa amfunge kwa kamba asianguke. Akaamuru merikebu yake, Hartford, itangulie mahali palipotegwa mabomu. Ikapita salama, na wengine wakafuata.

Mwaka 1866 alipewa cheo cha Admirali kamili, nacho pia hakuna aliyekuwa nacho kabla yake. Mwaka uliofuata alitumwa kukiongoza kikosi cha Ulaya, na Bibi Virginia akaruhusiwa kusafiri pamoja naye. Mwezi wa Desemba 1867 alifika Ciutadella, mji wa baba yake, ambao hakuwahi kuuona. Watu walijaa njiani kumlaki mwana wa George aliyeondoka kwao kitambo kirefu akiwa baharia asiyejulikana.

Katika majira ya joto ya mwaka 1870 afya yake ilikuwa imedhoofika. Walikwenda kupumzika katika kiwanda cha manowari cha Portsmouth, pwani ya kaskazini, wakapokewa nyumbani kwa mkuu wa mahali pale. Inasimuliwa kwamba siku moja aliingia katika merikebu kuukuu iliyofungwa gatini, akaitazama, akasema kwamba hiyo ndiyo ya mwisho kukanyagwa naye. Alifariki hapo kiwandani tarehe 14 Agosti 1870, mwenye umri wa miaka 69, akazikwa New York. Sanamu yake iliyowekwa Washington mwaka 1881 ilitengenezwa kwa shaba ya rafadha ya Hartford, ikayeyushwa katika kiwanda cha manowari cha mji ule.

Hartford yenyewe ilifikishwa Mare Island ikiwa imezeeka, ikalala huko kuanzia mwaka 1890 mpaka 1899, na kwa miaka mitano ya mwisho mafundi waliijenga upya. Kiwanda kiliendelea kufanya kazi mpaka tarehe 1 Aprili 1996, siku kilipofungwa.